Usukani Mzito Haunyooshi Gari

Katika yadi za magari za Dar es Salaam na Nairobi kuna kipimo ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote ya ukaguzi, lakini kinauza gari au kuliangusha kwa nusu dakika. Mnunuzi anakaa ndani ya Vanguard au X-Trail iliyoegeshwa, anawasha, anauzungusha usukani kwa kidole kimoja hadi mwisho, anaurudisha, kisha anakunja uso. Mwepesi mno. Gari la hivi, anasema, ukiikamata barabara ya Chalinze linaanza kupepea. Akihamia kwenye RAV4 ya zamani au Escudo yenye pampu ya mafuta ya pawa, mkono ukapata kazi kidogo, uso unakunjuka: hili ndilo limeshika lami. Muuzaji hapingi kwa sababu naye anaamini hivyo hivyo. Fundi pia. Na dereva wa Mombasa Road anayelalamika kwamba SUV yake ndogo inazurura kati ya mistari ataambiwa na wote watatu kwamba ugonjwa ni usukani wa umeme, na dawa ni kutafuta gari lenye usukani mzito.

Wote watatu wanapima kitu kimoja na kutangaza majibu ya kingine. Uzito unaousikia mkononi na utulivu wa gari kwenye njia yake hutoka sehemu mbili tofauti, na kimoja kinaweza kuongezeka huku kingine kinapungua. Uthibitisho wa haraka hauhitaji maabara. Punguza upepo kwenye tairi mbili za mbele, utoke psi 33 hadi 20. Usukani utakuwa mzito papo hapo, maana tairi iliyolegea hulala na kung'ang'ania lami. Kwa kipimo cha yadi, gari limepona. Lipeleke barabarani sasa, uone kuta za tairi zinavyojikunja kila unaposogeza usukani, gari likichelewa kuitika na kisha kuitika kupita kiasi. Kipimo kinacholipa alama za juu gari lenye tairi zilizolegea hakifai kuitwa kipimo.

Hata hivyo imani hii haikuzuka hewani, na si haki kuwacheka wanaoishikilia. Usaidizi wa mafuta uliingia sokoni kwenye Chrysler Imperial ya 1951, na kwa zaidi ya miaka arobaini madereva wa dunia nzima waliufahamu usukani kupitia pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Usaidizi wa umeme ulianza na kigari kidogo cha Kijapani, Suzuki Cervo, mwaka 1988. Lengo lilikuwa kupunguza mzigo wa injini: pampu hunyonya nguvu muda wote, hata gari likienda mbele tu kama mshale, ilhali mota ya umeme hula inapoitwa. SUV ndogo ziliufuata mfumo huo moja baada ya nyingine. RAV4 ya kizazi cha tatu iliyotoka mwishoni mwa 2005 ilikuja nao, X-Trail ya 2007 vilevile, na ilipofika 2013 CR-V na Forester mpya zilikuwa zimekwisha kuhama. Mifumo ya mwanzo ilikuwa na kasoro ya kweli: pale katikati, usukani ukiwa umenyooka, mkono ulikuta ukimya kama wa redio iliyozimwa. Aliyetoka kwenye gari la pampu alihisi amepokonywa kitu, na hakukosea. Kosa lilikuja alipokipa kitu hicho jina. Alipokonywa habari, akadhani amepokonywa utulivu.

Utulivu wenyewe unaweza kuhesabiwa. Njia moja ya barabara kuu ina upana wa kama mita 3.5, na SUV ndogo ina upana wa karibu mita 1.8. Gari likiwa katikati kabisa, kila ubavu unabakiwa na sentimita 85. Chukua gari ambalo ekseli zake mbili zimeachana mita 2.66, kama Vanguard, na tuseme digrii 15 za usukani huzungusha tairi digrii moja. Uko kwenye kilomita 100 kwa saa, na mkono umeteleza digrii mbili. Kwenye duara la usukani wa kawaida hizo ni milimita sita na kitu, unene wa penseli. Kwa jiometri tupu, baada ya sekunde mbili gari hilo litakuwa limehama pembeni mita 1.35. Tairi halisi hujipinda na kumeza sehemu ya kosa hilo, kwa hiyo kata nusu: bado ni sentimita 67 kati ya zile 85, na umetazama kioo cha pembeni mara moja tu. Ndiyo maana kuuliza usukani unataka nguvu kiasi gani ni kuuliza swali la kuegesha gari. Swali la barabara kuu lina sehemu mbili. Je, mkono unaweza kusogeza unene wa penseli na usizidishe? Na je, gari likisukumwa na kitu cha nje, litajirudi lenyewe kabla mkono haujaingilia?

Ukitaka kuona jinsi uzito usivyohusika na maswali hayo mawili, itazame Hyundai. Iliwahi kuweka kwenye baadhi ya magari yake, Santa Fe ikiwemo, kitufe cha kuchagua uzito wa usukani kwa ngazi tatu, ikakiita Flex Steer. Unabonyeza, mota ya umeme inapunguza msaada wake, na mkono unapata kazi. Kitufe hakigusi tairi, springi wala pembe yoyote ya gurudumu. Ni gari lilelile kwenye lami ileile, na basi linalopishana nalo litalisukuma kwa nguvu ileile. Kama uzito ndio utulivu, watengenezaji wangekuwa wamekwisha kulimaliza tatizo kwa mistari michache ya programu, wakaacha kuhangaika na springi na bushi. Kwa upande wa pili yupo Citroën SM ya 1970, gari la kifahari ambalo si SUV kwa namna yoyote ile, lakini shahidi mzuri. Usukani wake ulikuwa mwepesi wa kuegeshea kwa vidole, ukitoka mwisho hadi mwisho kwa mizunguko miwili tu, jambo ambalo kwa mantiki ya yadi lingekuwa maafa. Waliousanifu waliupa kitu kingine: nguvu ya kujirudisha katikati, iliyoongezeka kadiri mwendo ulivyopanda, na iliyourudisha hata gari likiwa limesimama. Ulikuwa mwepesi, na ulijua nyumbani kwake ni wapi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni wa juzijuzi, nao unahusu SUV ndogo hasa. Oktoba 2024 Honda ilitangaza nchini Marekani kuyaita magari takriban milioni 1.7 yakarekebishwe boksi la usukani, yakiwemo CR-V na HR-V za 2023 hadi 2025. Ndani ya boksi hilo kuna gia ambayo ilikuwa ikivimba, girisi ikakimbia mahali pake, na springi inayoikandamiza ilikuwa imebana kupita kiasi. Msuguano ukapanda. Wenye magari walieleza hali ya kunata: gari limeenda moja kwa moja kwa muda kwenye barabara kuu, dereva anataka kusahihisha kidogo, usukani unagoma. Anaongeza nguvu, unaachia ghafla, na mkono umekwishapita mahali ulipokusudia. Rudi kwenye penseli yetu. Usukani ule ulikuwa mzito zaidi pale katikati, mahali hasa ambapo mnunuzi wa yadi anautaka uwe mzito, na uzito huo ndio uliofanya kukaa njiani kuwe kazi ya kusahihisha masahihisho. Dawa iliyotolewa ilikuwa springi nyingine na girisi zaidi, yaani kuulainisha.

Nasikia jibu: huo ni msuguano, sisi tunazungumzia uzito mzuri. Sawa, ila kipimo chenu hakiwezi kuutenganisha huu na ule. Usukani huwa mzito kwa sababu zisizopungua tatu. Msaada unaweza kuwa mdogo, na hilo ni suala la mota au pampu. Msuguano unaweza kuwa mkubwa, kwa viungo vikavu, reki iliyobanwa au tairi zilizolegea; uzito wa aina hii unakupinga ukienda na unakupinga ukirudi. Au tairi zenyewe zinaweza kuwa zinasukuma zirudi katikati. Uzito huu haupo gari likisimama, unazaliwa na mwendo, na huongezeka taratibu kadiri unavyokata kona. Huo wa tatu peke yake ndio ndugu wa utulivu, na ndio pekee usioweza kuusikia gari likiwa limeegeshwa yadini. Kipimo kinakuta mbili zisizo na faida na kuikosa moja yenye faida.

Sasa hiyo nguvu ya kurudi inatoka wapi? Tazama gurudumu dogo la kitanda cha hospitali. Msumari wake umesimama mbele kidogo ya mahali gurudumu linapogusa sakafu, kwa hiyo kitanda kikisukumwa, gurudumu hujipanga nyuma ya msumari lenyewe, na muuguzi hahitaji kuliongoza. Mbele ya gari kuna ujanja huohuo. Mhimili ambao tairi huzunguka juu yake unapokata kona haukusimama wima. Umelala kidogo kuelekea nyuma, kwa kawaida digrii tatu hadi saba, na ukiunyoosha mstari wake hadi chini unagonga lami mbele ya mahali tairi inapokanyagia. Pembe hiyo ndiyo kasta. Tairi nayo huchangia, maana mpira unaojipinda kwenye kona husukuma zaidi sehemu yake ya nyuma, ukatoa msukumo mwingine wa kurudi. Mota ya umeme haikuvumbua nguvu hizi wala haiwezi kuzifuta. Inausaidia mkono tu. Ni kweli programu za siku hizi huongeza msukumo wa kurudi wa bandia, na baadhi hufanya hivyo vizuri sana, lakini programu inayojaribu kunyoosha gari lenye bushi zilizokufa inafanya kazi ya mtu anayeshikilia mlango usio na bawaba.

Hapa ndipo fedha za wenye magari zinapopotelea. Gari linavuta upande au linazurura, linapelekwa kwenye alaimenti, na mashine inatoa karatasi yenye nambari nyekundu na za kijani. Fundi anafungua nati za tairodi, anarekebisha tairi za mbele zisitazamane mno wala kupeana kisogo, nyekundu inageuka kijani, analipwa. Kazi hiyo ina maana: tairi zinazopeana kisogo hufanya gari litafute upande kila wakati, mara kulia, mara kushoto. Lakini kwenye karatasi ileile kuna mstari wa kasta ambao haukuguswa, kwa sababu SUV ndogo nyingi hazina mahali pa kuirekebisha. Ukikuta kushoto ni ndogo kuliko kulia kwa zaidi ya nusu digrii, gari litavuta kushoto, na hakuna kiasi cha kuzungusha tairodi kitakachobadili hilo. Tofauti hiyo haikutoka kiwandani. Imetokana na mkono wa chini uliopinda kwenye shimo, au na bushi yake ya nyuma iliyochanika, ile ambayo ukiipenyezea bomba na kuinyanyua inacheza kama jino la mtoto. Bushi hiyo ikilegea, kila unapokanyaga breki gurudumu zima linarudi nyuma kidogo, kasta inapungua, na gari linabadili mawazo katikati ya mwendo. Kuipigia alaimenti kabla ya kuibadilisha ni kupima nguo ya mtu anayetembea. Ila nani atakwenda kununua bushi wakati ameshaambiwa tatizo ni usukani wa umeme? Atakwenda kwenye maduka ya vipuri ya Grogan au Gerezani kutafuta reki iliyotumika, atailipia mara nyingi zaidi ya bei ya bushi, na gari litazurura kama mwanzo.

Tairi nazo zimeachwa nje ya mjadala kana kwamba ni viatu vya mapambo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari mengi hufika yakiwa yameshaikaribia, na mengine huja na tairi za umri huohuo zilizokauka ubavuni. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi, wiki na mwaka, humwambia yeyote anayejua kuzisoma kwamba anakanyagia mpira wa mwaka gani. Kisha kuna desturi yetu ya kununua tairi mbili mpya na kuzifunga mbele, kwa hoja kwamba mbele ndiko kwenye usukani na kwenye nguvu. Hoja hiyo inasikika vizuri na matokeo yake ni mabaya. Utulivu wa gari umelala nyuma. Mbele ikiteleza kidogo, gari linakwenda mbele zaidi ya ulivyotaka, unapunguza mwendo na linarudi mkononi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka, na kwa SUV ndefu kwenda juu dereva wa kawaida hana la kufanya kwa nusu sekunde aliyopewa. Tairi zenye kashata nzima zaidi zinastahili kukaa nyuma hata kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele. Upepo nao una kibandiko chake kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chenye nambari zilizochaguliwa kwa gari hilo na saizi hiyo ya tairi, na bado kwenye vituo vya mafuta kijana wa pampu hujaza kwa kubahatisha, 40 kwa gari lolote lenye umbo la kiume.

Mpinzani makini atasema haya yote ni ya magari yaliyochoka, naye ana gari zima, tairi mpya, na bado likiingia kwenye mifereji iliyochimbwa na malori linavutwa huku na huku. Ni kweli, na sababu iko wazi. Kwenye njia za mizigo, ya Dar es Salaam hadi Tunduma au ya Mombasa hadi Malaba, lami yenye joto huzama chini ya ekseli nzito na kuacha mabonde mawili. Tairi za lori zimeachana zaidi kuliko za SUV ndogo, kwa hiyo wewe huwezi kuweka kila upande ndani ya bonde lake; mguu mmoja ukiwa bondeni, mwingine unapanda kingo. Tairi inayokanyaga mteremko husukumwa kiubavu, na tairi pana yenye ubavu mfupi husukumwa zaidi, maana haina mpira wa kujikunja. Anayebadili rimu za inchi 17 kwa za 20 ili gari lipendeze amelinunua tatizo hili kwa risiti. Usukani mzito hauondoi msukumo huo hata chembe. Usukani wa pampu, kwa uzuri wake wote, huuleta mkononi mzimamzima, na dereva mchovu huujibu kila unapomgusa, hivyo gari likawa na watu wawili wanaoliendesha: yeye na bonde.

Kuna pia hoja ya Prado. Huwezi kumaliza mazungumzo haya bila mtu kusema: panda Prado usikie utulivu. Nimekubali, imetulia. Prado ya kizazi cha 120 au 150 yenye milango mitano ina mita 2.79 kati ya ekseli, na uzito wa karibu tani mbili au zaidi ambao hewa ya lori linalopita haiupeperushi kirahisi. RAV4 fupi ya Japani ya kizazi cha tatu ina mita 2.56. Mtu anayelinganisha hayo mawili na kutoa sifa kwa usukani ameangalia mahali pasipostahili. Isitoshe, usukani wa Prado si mzito hata kidogo, kidole kimoja kinautosha sokoni.

Hoja inayonipa shida kidogo ni ya mkono wenye woga. Inasema: usukani mwepesi kwenye mwendo mkali humfanya dereva azidishe, chafya moja na gari limehama njia. Hapa pana ukweli, na wahandisi waliuona kabla yetu, ndiyo maana mfumo wa umeme hupunguza msaada mwendo unapopanda. Gari linalozungushwa kwa kidole yadini halikusudiwi kuwa hivyo kwenye kilomita 100. Likibaki hivyo lina hitilafu, pengine mfumo haupokei habari ya mwendo, na hiyo ni kazi ya mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Lakini hata hapo, kinachomsaidia dereva ni ngazi: milimita za kwanza zikutane na ukinzani mdogo ulio wazi, na zinazofuata zikutane na zaidi, ili mkono ujue uko umbali gani kutoka katikati bila macho kushuka. Usukani ulio mzito sawasawa toka mwanzo hadi mwisho haumwambii chochote. Unamchosha mabega tu kati ya Voi na Mtito Andei, na bega lililochoka husahihisha kwa pupa.

Kuhusu hisia zenyewe siwezi kubishana na mpenzi wa pampu, na sitaki. Usukani unaozungumza una thamani, hasa mvua ikinyesha. Kuna kanuni ya NASA iliyotokana na majaribio ya tairi za ndege, inayokadiria mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji kwa kutazama upepo wake. Kwa upepo wa 32 inatoa takriban kilomita 94 kwa saa, na kwa 22 inashuka hadi kama 78. Tairi ya gari haifuati hesabu hiyo neno kwa neno, lakini mwelekeo ni huohuo, na dalili ya kwanza ya kuelea ni usukani kulegea ghafla mkononi. Mfumo unaoificha dalili hiyo umekunyima onyo, na watengenezaji kadhaa wa usukani wa umeme wanastahili lawama kwa hilo. Lakini onyo si breki. Gari linaweza kukusimulia kila kokoto na bado likawa halikai njiani, kama linavyoweza kunyamaza na kwenda kama reli. Anayechagua gari kwa ajili ya mazungumzo achague, ila asituambie amechagua usalama. Na wale wanaosema umeme umetuletea hasara tupu wakumbuke kwamba msaada wa kukaa kwenye mistari, ambapo kamera husoma rangi ya barabara na kuusukuma usukani kidogo, umejengwa juu ya mota hiyohiyo. Kwamba rangi yenyewe imefutika kwenye sehemu nyingi za barabara zetu ni kesi ya watu wengine.

Limebaki la urefu wa kwenda juu, nalo sielewi kwa nini wanaolalamikia usukani hulinyamazia. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 120 mwendo umeongezeka kwa nusu, nguvu imekuwa mara mbili na robo. SUV ina ubavu mpana wa kuipokea. Halafu mwenye gari anaenda kuliinua, spesa za sentimita tano juu ya shokapu, keria juu ya paa, na tairi kubwa zaidi kama bado kuna nafasi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inapokadiria uwezekano wa gari kupinduka, hugawa nusu ya umbali kati ya tairi za kushoto na kulia kwa kimo cha kitovu cha uzito. Tairi zilizoachana mita 1.56 na kitovu kilichoko sentimita 66 hutoa 1.18; kiinue kitovu sentimita tano, inabaki 1.10. Tairodi zilizokuwa zimelala karibu sawasawa sasa zinaning'inia, na kila tairi inapopanda tuta dogo tairodi inaivuta, gurudumu linakata kona ambayo hakuna aliyeiomba. Gari hilo litapepea Chalinze, na mwenyewe ataapa kwamba Toyota waliharibu walipoacha pampu. Akisema anahitaji kimo kwa sababu ya barabara ya kijijini, hana kosa. Shimo halijali nadharia. Ila bei ya kimo hicho hulipwa kwenye lami iliyonyooka, na hailipiki kwa usukani.

Anayetaka kulijua gari kabla ya kulinunua aombe kilomita tano za barabara iliyonyooka, tairi zikiwa na upepo wa kibandiko. Kwenye 80, ashike kwa vidole, ahesabu ni mara ngapi analazimika kusahihisha kwa kilomita moja, kisha akate kona pana na kuuachia usukani ujirudi wenyewe, atazame kama unafika katikati au unaishia njiani. Likivuta kushoto taratibu asikimbilie kukataa. Lami imeinamishwa upande huo ili maji yamwagike, na gari zima kabisa litafuata mteremko. Atafute sehemu bapa ajaribu tena.